Je, Tairi Lililotembea Bila Upepo Laweza Kuzibwa?

Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Sokon I, Arusha. Inachapwa hapa kwa maombi ya waliohudhuria.



 Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya jambo lenye manufaa kwa wanachama, tena kwa muda usiozidi dakika ishirini. Hilo la dakika nitajitahidi. Hilo la manufaa mtaamua wenyewe.

Mada yangu imetokana na swali niliulizwa katika mkutano wetu uliopita. Baada ya chakula, mwenzetu mmoja tuliyelala naye bweni moja alinivuta pembeni. Alikuwa amenunua gari aina ya BMW lililotumika Japani. Gari zuri, lakini alipofungua nyuma hakukuta tairi la akiba, wala jeki, wala mahali pa kuviweka. Wiki moja baadaye akakanyaga msumari karibu na Mbauda. Fundi wa pancha akamwambia ni kazi ya dakika kumi. Muuza matairi mjini akamwambia tairi la namna hiyo halizibwi kabisa, anunue jipya, na bei aliyotajiwa ilimkosesha usingizi. Basi akaniuliza: "Wewe ni msomi wa mitambo na kazi yako serikalini ni magari. Nani kati ya hawa wawili ananidanganya?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia nitamjibu mbele ya wote, kwa sababu swali lake linanigusa mimi binafsi kuliko alivyodhani. Leo nalipa deni.

Mwalimu wetu wa Fizikia, wengi mnamkumbuka, alikuwa na desturi ya kutunyima alama hata kama jibu letu ni sahihi, iwapo hatukuanza kwa kuandika tulichopewa. "Kabla hujakimbilia jibu," alikuwa akisema, "andika ulichopewa." Basi na tuanze hapo.

Gari halibebwi na mpira, linabebwa na upepo. Mpira na nyuzi zake ni mfuko wa kuuzuia upepo usitoroke. Jambo hili nilifundishwa nyumbani kabla sijafika Chuo Kikuu. Wengi wetu tuliokaa madarasa haya miaka ya tisini tulikuta kiwanda cha General Tyre kikifanya kazi hapa Arusha. Kilianza kutoa matairi mwaka 1971, hisa nyingi zikiwa za serikali yetu kwa kupitia Shirika la Maendeleo ya Taifa, na mshirika akiwa kampuni ya General Tire ya Marekani, ambayo mwaka 1987 ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani. Uzalishaji ulisimama mwaka 2009. Baba yangu mdogo alifanya kazi humo, na nyumbani kwake hapa hapa Sokon alikuwa na kipande cha tairi kilichokatwa kwa msumeno, akikitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Sisi watoto tulikichezea. Siku moja alikigeuza akatuonyesha sehemu iliyokatwa: ndani kabisa utando mwembamba unaozuia upepo, juu yake nyuzi zilizotoka mdomo mmoja wa tairi hadi mdomo wa pili, chini ya kashata mikanda ya waya za chuma, na mdomoni waya nene zinazong'ang'ania rimu. "Tairi ni nguo iliyofumwa," alisema. "Mpira ni wa kuipaka tu. Nguo ikichanika ndani, kuipaka nje hakusaidii."

Sasa fikirini tairi hilo likiishiwa upepo huku gari linakwenda. Ubavu wake hulala, ukabanwa kati ya rimu na barabara. Tairi la gari dogo likizunguka mara moja husogea takriban mita mbili. Kwa hiyo katika kilomita moja huzunguka mara mia tano hivi, na kila mzunguko ubavu hukunjwa na kukunjuliwa. Kila mmoja wetu amewahi kukata waya bila koleo kwa kuukunja huku na huku. Mnakumbuka jinsi unavyopata moto mahali pa mkunjo kabla haujakatika. Ndivyo zinavyofanyiwa nyuzi za tairi. Hupata moto, huachana na mpira, kisha hukatika moja moja. Nje huoni kitu. Ukijaza upepo tena, tairi husimama wima kama askari wa gwaride, nawe ukadhani limepona.

Tundu la msumari, ndugu zangu, ni jeraha dogo sana. Jeraha kubwa ni ule mwendo wa baada ya tundu. Hayo ndiyo tuliyopewa.

Ndugu Mwenyekiti, hapa sina budi kueleza jambo ambalo nimelieleza kwa watu wachache tu.

Mwaka 2013 nilitumwa Karatu kikazi. Dereva wetu alikuwa mtu mzima aliyenizidi umri kwa miaka mingi, mtaratibu, asiyependa maneno. Tulikuwa tukirudi, jua linazama, na kesho yake asubuhi nilikuwa na kikao ambacho nilikiona kikubwa. Kabla ya kufika Makuyuni akaniambia: "Bosi, gari linavuta kushoto. Nadhani tairi la mbele halina upepo." Tairi la akiba tulikuwa nalo, lakini lilikuwa chini ya makasha ya nyaraka, na mvua ilikuwa imeanza. Nikamwambia: "Twende tu pole pole, Mzee, hapo mbele kuna watu." Tulikwenda hivyo kilomita zisizopungua nne.

Tulipofika kituoni tulimkuta kijana wa pancha chini ya turubai. Aliinama, akaupapasa ubavu wa tairi kwa kiganja, akauliza: "Mmetembea nalo?" Nilijibu mimi, kabla dereva hajafungua mdomo: "Hapana, limeishia hapa hapa." Nilijua akisikia tumetembea nalo atataka kulivua, na kulivua ni saa nzima. Mzee alinitazama mara moja, kisha akatazama pembeni. Kijana akang'oa msumari, akapenyeza ile kamba yenye gundi kutoka nje, akajaza upepo, akapaka mate kuona kama linapumua. Dakika tano. Nilimlipa na nyongeza, nikamsifu kwa wepesi wake.

Siku ya tatu tulikuwa tukielekea Moshi. Tumekwisha ipita Usa River, barabara nyeupe, mwendo wa kawaida, ubavu wa tairi lile ukapasuka. Gari likaacha barabara likalala mtaroni. Mimi nilipata kovu hili mnaloliona juu ya nyusi. Mzee alivunjika paja.

Taarifa ya ajali iliyoandikwa ilisema chanzo ni uzembe wa dereva kwa kutokagua matairi kabla ya safari. Niliisoma. Nilikuwa mtu pekee niliyejua habari za zile kilomita nne, ukiacha yeye aliyekuwa kitandani. Nilinyamaza mwezi mmoja na siku kadhaa. Nilijiambia kwamba mambo ya ofisi yana taratibu zake, kwamba taarifa haitamdhuru, kwamba nitasema wakati ufaao. Ndipo niliposikia kwamba ameandikiwa barua ya kujieleza naye akiwa bado na chuma mguuni, na kwamba katika majibu yake hakunitaja hata kwa neno moja. Nikaketi usiku nikaandika maelezo yangu mwenyewe, kurasa mbili, nikayapeleka asubuhi. Alisafishwa jina, lakini usukani hakuushika tena hadi alipostaafu. Nilipokwenda kumwomba radhi nyumbani kwake alinipokea vizuri, akaagiza chai, na juu ya jambo lenyewe akasema neno moja tu: "Yule kijana aliuliza, Bosi."

Ndivyo ilivyo. Kijana asiye na cheti, chini ya turubai, aliuliza swali lililo sahihi. Msomi wa mitambo mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akalijibu kwa uongo.

Nirudi sasa kwa mwenzetu na BMW yake. Matairi yake ni ya aina inayoitwa ranifleti, yaani yaliyotengenezwa ili yaweze kutembea hata upepo ukiisha. Utayatambua kwa herufi zilizoandikwa ubavuni, kila kampuni na zake: RFT kwa Bridgestone, SSR kwa Continental, ZP kwa Michelin, ROF kwa Goodyear na Dunlop. Siri yake ni ubavu. Umejazwa mpira mnene na mgumu, hata upepo ukitoka unasimama na kulibeba gari kwa muda. Si jambo la jana. Marekani, gari la Corvette la mwaka 1997 liliuzwa bila tairi la akiba kwa kutegemea matairi ya namna hii, na BMW iliyafanya ya kawaida kwenye magari yake mengi katika miaka ya elfu mbili. Magari hayo yakishatumika huko ndiyo tunayoyapokea sisi bandarini.

Lakini muda wa kubeba una kikomo. Kwa kawaida watengenezaji husema kilomita 80, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Hiyo ni kama kutoka hapa hadi Moshi mjini, barabara ya lami. Anayekwenda Dodoma asidhani amenunua uhuru wa milele. Tena kikomo hicho ni cha kukufikisha kwa fundi. Hakimaanishi kwamba tairi litafika likiwa zima. Ubavu ule, ingawa mnene, nao unakunjwa na kupata moto kama mwingine wote. Tofauti ni kwamba unene wake unaficha. Tairi la kawaida lililotembea bila upepo ukilivua utakuta ndani unga mweusi wa mpira uliosagika, na alama ya mviringo kama mkunjo wa suruali iliyokaliwa. Ranifleti laweza kuwa limeungua ndani ya ubavu wake na uso wa ndani ukaonekana safi. Hata fundi hodari mwenye taa na macho mazuri anaweza asione.

Hii ndiyo sababu wenye viwanda wenyewe hawakubaliani. Wako wasemao ranifleti lisizibwe kabisa. Wako waruhusuo kwa masharti, na sharti kuu ni kwamba tairi liwe halikutembea bila upepo. Kwa hiyo katika wale watu wawili wa mwenzetu, hakuna aliyekuwa mwongo mtupu. Muuza matairi alitoa jibu la tahadhari, ambalo lilimfaa yeye pia. Fundi wa pancha alijibu habari ya tundu tu, na tundu kweli linazibika. Hakuna kati yao aliyeuliza: "Umetembea nalo?"

Tena kwa ranifleti mwenye gari anaweza asijue jibu. Halivuti, haliyumbi, halipigi kelele. Shahidi pekee ni ile taa ya upepo kwenye dashibodi. Nanyi mnajua tunavyoitendea taa hiyo. Wako waendeshao nayo ikiwaka miezi sita. Wako waliobandika plasta juu yake. Wako ambao maandishi ya dashibodi yao ni ya Kijapani na hawajui kama taa inalalamikia upepo au mlango. Mwenye ranifleti na taa mbovu ni sawa na mtu asiyesikia maumivu: atatembea na mfupa uliovunjika.

Ndugu zangu, msije mkaondoka mkisema nimezungumza visa tu. Nayaweka masharti ya kuziba tairi lisilo na tyubu, liwe la kawaida au ranifleti, kama yanavyofuatwa mahali pengi penye utaratibu.

La kwanza ni mahali. Tundu liwe usoni, katikati penye kashata. Tundu la begani au la ubavuni halizibwi, kwa kuwa hapo tairi hunyumbuka daima na kiraka hakidumu.

La pili ni ukubwa. Kwa gari dogo tundu lisizidi milimita 6. Msumari wa kawaida umo. Kipande cha nondo hakimo.

La tatu, tairi livuliwe kwenye rimu, likaguliwe ndani kwa taa. Asiyelivua hajakagua, amebahatisha.

La nne ni namna ya kuziba. Kamba ya kupenyezwa kutoka nje inasaidia kukufikisha mjini, haitoshi kuwa tiba. Kiraka cha ndani peke yake nacho hakitoshi, kwa kuwa tundu linabaki wazi upande wa barabara, maji ya mvua yanaingia hadi kwenye waya za chuma na kutu inaanza kula. Kinachotakiwa ni vyote viwili pamoja: shina la mpira linalojaza tundu na kiraka kinachoziba utando wa ndani. Vinauzwa vimeunganishwa, kwa umbo kama uyoga. Mahali pake pakwanguliwe vizuri, gundi iachwe ikauke, kiraka kisuguliwe kwa gurudumu dogo la mkono, na mwisho tairi lijaribiwe kwa maji ya sabuni.

La tano, linalopita yote, ni historia ya tairi. Fundi aambiwe ukweli: lini upepo uliisha, gari lilikwenda umbali gani, kwa mwendo gani, na mzigo gani. Hakuna mashine hapa Arusha wala Ulaya itakayomwambia hayo ikiwa wewe umeyaficha.

Kwa ranifleti ongezeni mawili. Someni kitabu cha gari na maelekezo ya mtengenezaji wa tairi, akikataza, basi. Na livuliwe kwa mashine ifaayo. Ubavu wake ni mgumu. Akilishambulia mtu kwa nyundo na vyuma viwili atajeruhi mdomo wa tairi, na pengine kuvunja kipima upepo kilichofungwa ndani ya rimu. Tutakuwa tumeleta pancha moja tukaondoka na hasara tatu.

Basi jibu langu kwa mwenzetu ni hili. Kama taa iliwaka, ukasimama mapema, upepo bado umo wa kutosha, msumari uko katikati ya uso, na mtengenezaji anaruhusu, tafuta karakana italivua na kuliziba kama nilivyoeleza. Huna haja ya kununua jipya. Kama lilitembea likiwa tupu, au kama hujui lilitembea kiasi gani, hesabu kwamba limekufa. Lipeleke kwa washona katambuga, nao wachague wenyewe kama linawafaa. Sisi tuliovaa katambuga kuja shuleni tunajua kwamba tairi lina maisha baada ya barabara, na maisha hayo hayaui mtu. Ukiamua kubadili yote manne uweke ya kawaida, ni sawa pia, mradi ununue jeki na tairi la akiba siku hiyo hiyo, na usichanganye aina mbili kwenye gari moja.

Ninalo pendekezo moja kwa Chama chetu. Kila mwaka tunachanga. Tumepaka rangi bwalo, tumenunua viti. Barabara hizi zinazotuzunguka hapa Sokon I zimejaa vijana wa pancha, na baadhi yao walikaa madawati yale yale tuliyokaa sisi. Daladala zinazowaleta wadogo zetu shuleni kila asubuhi zinategemea mikono yao. Wengi wana pampu, kamba na vyuma viwili, basi. Naomba mwaka ujao tuwachangie vijana wachache mashine ya mkono ya kuvulia matairi, taa ya kukagulia, viraka vyenye shina na miwani ya macho, na tuzungumze na VETA juu ya mafunzo mafupi, pamoja na hili la kutosimama mbele ya ubavu wa tairi wakati wa kulijaza. Mimi nitatoa mchango wa kwanza leo kabla ya kuondoka, na Mweka Hazina asinikopeshe.

Na sisi wenye magari tuna mchango wetu usiohitaji fedha. Kijana akiinama, akapapasa tairi, akauliza, "Mmetembea nalo?", tumjibu kweli, hata kama kweli hiyo itatugharimu saa moja ya mvua au bei ya tairi jipya. Mzee wangu aliyelala mtaroni Usa River angali hai, anatembea kwa mkongojo, na kila mwisho wa mwaka huenda kumsalimu. Nilimwomba ruhusa ya kukisimulia kisa hiki mbele yenu. Alifikiri kidogo, akasema niwaambie lakini nisiwataje watu majina, hasa yule kijana, kwa maana hakukosa.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa.